Springi za Mawe

Walimwita Rivasi, na jina lenyewe lilikuwa kejeli tupu. Gari lake lilikuwa na rivasi nzima kabisa. Aliyekosa rivasi ni yeye mwenyewe. Neno likishamtoka mdomoni hakurudi nyuma nalo hata umfunge kamba umvute. Akisema leo ni Jumanne na wewe umeshika kalenda mkononi, bora uikunje kalenda yako uende zako.

Ndiyo sababu asubuhi ile alikuwa amesimama katika gereji ya kaka yake, anadanganya kwa macho makavu, wakati mama yao mzazi amelala kule mlimani na nyonga iliyovunjika.

Tuanze na ugomvi, maana bila ugomvi huo hata habari hii isingekuwepo. Baba yao alipofariki, kaka mtu, fundi wa springi anayejulikana mji mzima, alisema mama ashuke akaishi kwake. Ana chumba kitupu, ana mke mwenye moyo, na hospitali haiko mbali na mlango wake. Rivasi, kitindamimba wa watu, akasema mama haendi popote. Ana nyumba yake, ana kuku wake, na yeye Rivasi na mkewe wanaishi ua mmoja naye.

"Na siku akiugua?" kaka aliuliza. "Barabara ile utampitishaje?"

"Nitampitisha mimi. Siku nikishindwa, njoo unicheke."

Wakaachana hapo. Tangu siku hiyo salamu zao zilipitia kwa watu, utadhani mmoja wao yuko ng'ambo ya bahari.

Halafu mvua zikanyesha za kupitiliza, zikalibeba daraja la barabara ya mjini. Ikabaki njia moja tu, kushuka kwenye bonde la mto, unaokauka mvua zikikatika, na kupita juu ya mawe, mengine madogo kama chungu, mengine kama ng'ombe aliyelala. Pikapu ya Rivasi haikuwa na ubavu huo. Springi zake za nyuma zilikuwa zimechoka. Zile ni vyuma bapa vilivyopinda, mafundi huviita majani, vinapangwa kimoja juu ya kingine vibebe uzito wa gari. Vya Rivasi vilikuwa vimenyooka kwa uzee na kimoja kimekatika, na bodi ya nyuma imekaa chini kiasi kwamba kila jiwe lilikuwa linagonga tumbo la gari.

Na katika siku hizo hizo mama akateleza kwenye mlango wa jiko, ndoo mkononi.

"Usimwambie kaka yako," ndilo neno la kwanza alilosema walipomwinua. "Atakuja hapa kutuimbia nilisema, nilisema." Kwa hiyo usijiulize Rivasi alikitoa wapi kile kichwa kigumu.

Walijaribu kila njia. Gari la wagonjwa lilifika ng'ambo ya bonde, dereva akayatazama mawe, akasema hakutumwa kwenda kuvunja gari la watu, akageuza. Wanaume wa jirani walimbeba mama kwa kitanda, na kwenye mteremko wa kwanza mmoja akateleza, kitanda kikaenda upande, mama akazimia. Hakuna aliyekubali kukishika kitanda kile tena, na nani awalaumu. Mguu ukavimba mpaka ukang'aa. Homa ikaingia. Mama, ambaye tangu alfajiri mpaka jioni alikuwa haachi kumtania mtu, akaanza kunyamaza. Rivasi uvimbe aliweza kuutazama, lakini ule ukimya ulimkata maini.

Basi akavuka bonde bila mama na gari lake bovu, vijana wa jirani wakilinyanyua kila lilipokwama, akaenda kwa mtu aliyekuwa hataki kumwona. Mwingine wa kumtengenezea springi hakuwepo.

Kaka alilala chini ya pikapu, akatoka na uso umekunjamana. "Gari hili umelitesa, bwana mdogo." Akajifuta mikono. "Mama hajambo?"

"Hajambo."

Alilisema akitazama tairi.

"Haya. Unataka nini?"

"Liinuke nyuma. Nataka lipite kwenye mawe lisiguse hata moja."

"Kuinuka si tatizo. Niambie unabeba nini. Springi hupimwa kwa mzigo, haipimwi kwa barabara."

Ukweli ulimfika Rivasi mpaka kwenye meno. Nambeba mama, kaka. Ameanguka, nimeshindwa, njoo unicheke. Ulifika, ukayakuta meno yamefungwa, ukarudi ulikotoka.

"Mawe," alisema. "Nimepata kazi ya kubeba mawe ya msingi."

"Ya kujaza bodi?"

"Ya kujaza."

Kaka alifurahi, masikini ya Mungu. Alidhani mdogo wake hatimaye amepata kazi ya maana. Akaenda mwenyewe kwenye lundo la vyuma nyuma ya gereji, akachagua majani mawili mazito ya lori kwa kila upande. Akayatia motoni, akayapiga nyundo mpaka yakapata upinde aliotaka, akayalinganisha kulia na kushoto kwa jicho na kwa kamba. Akayapanga chini ya yale mengine, akatia bolti mpya ya katikati, akakaza kila nati mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Wala hakumwachia mtu mwingine ashike spana. Unajua jinsi mtu anavyofanya kazi anapompenda mtu na hawezi kumwambia? Ndivyo alivyofanya. Mwisho akapanda juu ya bodi, mwili wake wote ule, akaruka. Gari likatulia tuli kama kaburi.

"Sasa nisikilize," kaka alisema aliposhuka. "Hizi ni springi za mzigo. Likiwa na mawe yake litakwenda taratibu, hata chai hutamwaga. Likiwa tupu litakurusha mpaka umlilie mama. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Umeitikia upesi mno. Litakurusha, nakwambia."

"Kaka, nimesikia. Nitakwenda polepole."

Alisikia kweli. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo nikiisimulia habari hii, kwamba alisikia kila neno. Alikuwa na nafasi ya pili mkononi, na nafasi ya pili si kila mtu anaipata, akaitia mfukoni kama risiti ya jana.

"Na mama mwambie chumba chake kipo," kaka aliongeza, anatazama pembeni. "Mashuka tunabadilisha, hata kama hakuna anayelala."

Rivasi alipanda garini haraka kwa sababu macho yalikuwa yameanza kumwasha.

Kurudi, gari lilivuka bonde kama mbuzi. Halikugusa jiwe hata moja. Ni kweli kichwa chake kiligonga paa mara kadhaa, meno yaligongana, na jeki iliyokuwa nyuma iliruka ikaangukia njiani hata asijue. Moyo ulimwambia. Akaunyamazisha. Alijiambia huo ni mwendo tu, alikuwa na haraka, akiwa na mama atatambaa. Vijana walikuwa wanamsubiri ukingoni waulize kama atawahitaji tena. Akawajibu kwamba gari sasa ni gari, waende mashambani kwao. Wakaenda.

Mkewe alikuwa ameshatandika godoro kwenye bodi, na juu yake blanketi zote za nyumba. Walimtoa mama kwa shuka, wakamlaza chali, mguu umefungwa kwenye ubao. Mkewe akakaa kichwani pake, akamshika mabega.

"Kaka yako amesemaje?" mama aliuliza. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Amesema chumba chako kipo."

"Umemwambia?"

"Hapana, mama."

Mama akafumba macho.

Mpaka ukingoni walifika salama, njia ilikuwa ya vumbi laini. Rivasi akatia gia namba moja, akashuka bondeni polepole kuliko mtu anayetembea kwa miguu. Jiwe la kwanza halikuwa hata kubwa. Tairi la nyuma lilipanda, likashuka, na bodi nzima ikaruka kama imepigwa teke kutoka chini.

Mama akapiga ukelele.

Rivasi alikuwa hajawahi kuisikia sauti ile. Mama yake alizaa watoto, akazika mume, akang'olewa jino bila ganzi, na hakuna aliyemsikia. Alikanyaga breki, akaruka nje. Mama alikuwa ameuma ncha ya blanketi, jasho linamtiririka, na rangi ya midomo imekwenda. Mkewe alikuwa analia bila sauti.

"Twende tu," mama alisema. "Nenda."

Akajaribu tena, polepole zaidi. Jiwe la pili likawa baya kuliko la kwanza. Sauti ya mama safari hii haikuwa ya mtu mzima, ilikuwa ya mtoto.

"Simamisha," mkewe alipiga kelele. "Simamisha, utamuua."

Akasimamisha. Wakawa wapo katikati ya mawe. Kurudi nyuma ni mawe yale yale, kwenda mbele ni mawe mengine mengi. Vijana amewafukuza kwa mdomo wake mwenyewe. Alifikiria kufungua majani aliyoongezewa, akatafuta jeki, jeki haipo. Na juu kule, mto unakotoka, mbingu ilikuwa imefunga nyeusi. Mvua ikinyesha kule, maji yanashuka bondeni hapa hata kama kwako jua linawaka. Kila mtu wa pale anajua hilo.

Maji yalikuwa yamemfika shingoni kabla hata hayajashuka. Rivasi aliketi juu ya jiwe, akashika kichwa. Hakuwa na mbele wala nyuma. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alitamani kaka yake awepo, asimame pale juu ya ukingo, amcheke mpaka mbavu zimuume, mradi tu awepo.

"Wewe," mama aliita. Rivasi akainuka, akaenda. Mama alikuwa anahema kama aliyekimbia. "Ulimwambia kaka yako unakwenda kubeba nini?"

Rivasi akavuta blanketi, akamfunika miguu.

"Nakuuliza. Hakuniwekea chuma hiki mimi. Mwanangu yule namjua. Ulimwambia nini?"

"Mawe, mama." Akaanza kulia, mwanamume mzima na ndevu zake. "Nilimwambia nabeba mawe."

Mama akamfuta machozi kwa ncha ya blanketi. Halafu akasema, "Basi beba mawe."

Rivasi alimtazama kama anayesikia lugha ngeni. Kisha maneno ya kaka yakamrudia moja baada ya jingine, mzigo, chai, mawe yake, na akawa ameshainama.

Wakaanza. Aliokota mapana kwanza, ya kulala, yasiyoweza kubingirika. Mkewe akavua khanga, akaichana, akaitia kati ya mawe na godoro. Waliyapanga kulia kwa mama, wakayapanga kushoto, wakayakandamiza yashikane. Kucha za Rivasi zilichanika, mgongo ukamlia, na hakuna aliyejali. Kila baada ya muda alikuwa akikimbia nyuma, anakaa kwenye ukingo wa bodi na kuutikisa kwa mwili wake. Ilikuwa bado ngumu. Anarudi kwenye mawe. Mama alikuwa anatazama ukuta unavyopanda pande zake mbili.

"Unanizika kabla sijafa?" aliuliza.

"Nyamaza, mama, nakuomba."

"Si nauliza tu. Nimeona kazi inakwenda vizuri."

Ndiyo, alitania. Na mkewe Rivasi akacheka na kulia kwa pamoja, kwa sababu ilikuwa siku nyingi hajasikia utani wake. Rivasi hakucheka. Alikuwa ameona kati ya mawe, karibu na tairi la mbele, uzi mwembamba wa maji ya tope ambao muda mfupi kabla haukuwepo.

Akabeba mawe mengine akikimbia. Akakaa tena kwenye ukingo wa bodi, akatikisa, na safari hii gari likashuka kidogo chini yake, likainuka polepole, kama mtu anayepumua usingizini. Alibaki pale, haamini. Akatikisa tena. Likapumua tena.

"Twende," alisema mkewe. "Maji hayo."

Akatia gia. Tairi likapanda jiwe, springi zikajikunja, zikajikunjua, na bodi ikapita juu kwa upole, hata vile vipande vya khanga havikutikisika. Rivasi alikuwa anatazama kwenye kioo zaidi kuliko mbele. Alisikia mama akiguna. Aliguna tu. Maji yaliwapita chini ya gari yakiwa ya kifundo, kisha ya goti, na gari la mawe likayapita limetulia, zito, halisukumwi. Walipopanda ukingo wa pili nyuma yao kulikuwa kunanguruma.

Hospitali walimpokea mama kwa machela. Daktari, mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, aliutazama mguu, akamtazama Rivasi.

"Ameanguka lini?"

Akamwambia.

"Na leo ndiyo mnamleta?"

"Njia," Rivasi alianza, akaacha. Njia ilikuwa mbovu, ndiyo. Lakini laiti angemwambia kaka siku ile ile, kaka angekuja na gari, na watu, na minyororo, angekuja hata kwa kutambaa, na Rivasi alilijua hilo wazi kama anavyolijua jina lake. "Ni mimi," alisema. "Ni mimi niliyechelewesha."

Daktari hakumgombeza, na ingekuwa nafuu angemgombeza. Alisema damu imeanza kuharibika, watafanya upasuaji sasa hivi, na hawezi kumwahidi kitu. Mlango ukafungwa. Mkewe akabaki mlangoni pale, ameegemea ukuta.

Rivasi akaomba simu ya mlinzi, kwa sababu yake alikuwa hakumbuki iko wapi. "Kaka," alisema. "Ni mama." Akataja hospitali. Kaka alikuwa ameshakata simu, ameshaanza kukimbia.

Alifika na nguo za kazi, grisi mpaka kwenye viwiko, na mfuko wa spana begani kwa sababu hakukumbuka kuutua. Alipita karibu na pikapu uani, akaona mawe yamejaa, akapunguza mwendo. Kwa sekunde moja uso wake ulikuwa wa mtu anayeona kazi yake inafanya kazi. Kisha akasogea, akachungulia ndani ya bodi.

Katikati ya mawe kulikuwa na nafasi. Ilikuwa ndefu, nyembamba, pana kidogo mabegani, na chini yake godoro lenye alama ya mtu aliyelala. Kwenye mawe ya pembeni, khanga iliyochanika.

Kaka alisimama hapo muda mrefu. Alitia mkono ndani ya ile nafasi, akaushika ubaridi wa godoro. Rivasi akaja akasimama kando yake.

"Ungesema ni mama," kaka alisema.

"Ningesema, ungeniambia ulisema."

"Ningekwambia. Siku nzima ningekwambia." Akatoa mkono ndani ya bodi. "Huku nakutengenezea springi laini."

Rivasi akaweka paji la uso juu ya ukingo wa bodi akalia. Kaka hakumshika wala hakumwambia anyamaze. Alipanda juu, akachukua jiwe la kwanza, akaliteremsha chini. Halafu la pili. Baadaye Rivasi akapanda naye, wakapokezana, na kwa kila jiwe lililotoka, nyuma ya gari ikainuka kidogo, mpaka ikasimama juu na ngumu kama ilivyotoka gereji.

Watu wa zamu walikuwa wakipita wanawashangaa. Mlango wa kule ndani ulikuwa bado umefungwa. Kaka akashusha mfuko begani, akatoa jeki ndogo, akainua nyuma ya pikapu, akatandaza gunia chini yake, akashika spana ya namba kubwa.

"Unafanya nini?" Rivasi aliuliza.

"Natoa haya majani ya lori."

"Sasa? Hapa?"

"Unataka lini?" Kaka alikuwa ameshalala chali, anatafuta nati kwa vidole. "Alitaka kukaa kwenye nyumba yake, si ndiyo? Atarudi kwenye nyumba yake. Akirudi anatutukana, vizuri. Akirudi vile vingine..." Spana iligonga chuma, ikashika. "Hata akirudi vile vingine, asirushwe."

Rivasi akapiga magoti, akaingia chini ya gari upande wa pili. Nati zilikuwa zimekazwa na mtu aliyekuwa hataki zilegee. Wakazishika wote wawili, wakavuta.